Gemu lako la kwanza: kabla ya kuuliza lugha, niambie nani atalicheza

Swali huja hivi: "Mkubwa, nataka kutengeneza gemu, nianze na Python, C# ama C++?" Na anayeuliza mara nyingi ana laptopu ya mtumba yenye RAM ya giga nne, bando la wiki analogawana na ndugu zake kwa hotspoti, na simu ya Android. Marafiki zake kuanzia Majengo mpaka Mtongwe nao wana simu za Android, laptopu hawana. Jibu langu ni moja na nalisema kwa moyo wote, lugha ya kuprogramu tuiweke pembeni kwanza, niambie nani atalicheza hilo gemu, atalichezea kwenye kifaa gani, na wewe unaliandikia kwenye mashine gani. Ukishajibu hayo, lugha nyingi zinajitoa zenyewe bila ubishi.

Najua jibu hili halipendwi, manake ubishi wa lugha ni mtamu. Waweke vijana wawili wa kompyuta pale karibu na Fort Jesus jioni, mmoja atakwambia gemu la kweli ni C++ na mwingine atasema hakuna kama C#, wataenda hivo mpaka adhana ya magharibi na hakuna aliyefungua laptopu. Na wala hawasemi uongo. C++ ya Bjarne Stroustrup, iliyotoka 1985, ndio iliyobeba magemu makubwa makubwa unayoyajua, na Unreal Engine yenyewe, ile injini (programu yenye zana tayari) ya kutengenezea magemu, imeandikwa kwa hiyo. Lakini anayeanza nayo leo, peke yake, chumbani kwao Changamwe, wiki zake za mwanzo zinaisha kwa kompaila (programu inayogeuza maandishi yako yawe lugha ya mashine) na memori na kutafuta jinsi ya kuunganisha maktaba ya picha, hata mduara mmoja haujatembea kwenye skrini. Nimeona vijana wenye akili kali wakiachia hapo, na wanaondoka wakidhani kuprogramu hawakuumbiwa. Hilo linaniuma kwa kweli.

Tena ukitazama magemu yaliyotengenezwa na mtu mmoja ama wachache na yakatikisa dunia, lugha zake hazifanani hata kidogo. Minecraft ilianza 2009 kwa Java, lugha ambayo watu walikuwa wanasema ni nzito haifai kwa gemu, na 2014 Microsoft wakainunua kwa dola bilioni 2.5. Stardew Valley, iliyotoka 2016, Eric Barone aliiandika peke yake kwa C#, picha yeye, muziki yeye, hadithi yeye. Undertale ya 2015 ni injini ya GameMaker. Balatro ya 2024 ni lugha ya Lua na chombo chake cha magemu, LÖVE. Vampire Survivors ilianza kama gemu la brauza kwa JavaScript na maktaba yake ya Phaser, baadaye ndio ikahamishiwa Unity, injini inayotumia C#. Sasa mtu akikwambia lugha fulani haifai, muulize haifai kwa gemu gani.

Turudi kwenye mashine, manake hapa ndipo ushauri mwingi wa kwenye video unapotupita sisi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, yaani intaneti ya nchi nzima na ya majirani inaingilia kwetu, lakini kijana wa Likoni bado anahesabu megabaiti moja moja. Unity ukitaka pamoja na vifaa vya kutoa gemu la Android ni giga kadhaa. Unreal ni makumi ya giga, na ukishaiweka, laptopu ya giga nne haiifungui kwa namna ya kufanyia kazi. Na wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, ukifungua programu nzito kwenye laptopu ya zamani feni inalia mpaka mama anauliza ni nini hicho, mashine inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unangoja. Mtu wa kule baridi mwenye laptopu mpya anapokwambia "pakua tu Unity uanze" hana nia mbaya, ni vile tu chumba chake si chako.

Kuhusu Unity kuna jambo lingine la kujua hata kama mashine yako inaimudu. Septemba 2023 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba watengenezaji wangetozwa ada kila gemu linapowekwa kwenye kifaa, ukishapita kiwango fulani cha mapato na idadi ya waliopakua. Watengenezaji dunia nzima waliwaka, masharti yakalegezwa, na Septemba 2024 ada ikafutwa kabisa. Anayeanza hangefikia viwango vile, hilo ni kweli, lakini tangu siku ile watu wengi walianza kutafuta chombo ambacho hakuna mtu anayeweza kukibadilishia bei ukiwa katikati ya kazi. Wengi waliishia Godot, injini nyingine ya magemu.

Godot naipenda na sifichi. Juan Linietsky na Ariel Manzur waliijenga Argentina, na 2014 wakaiachia huria kwa leseni ya MIT, hulipi kitu na hakuna wa kukudai. Zipu yake haizidi megabaiti mia na hamsini, unaifungua tu inafanya kazi, hakuna kuinstoli. Lugha yake, GDScript, imefanana sana na Python, kwa hivyo aliyeguswa kidogo na Python shuleni haanzi upya. Mambo mawili nakwambia ambayo wengi hawayasemi. La kwanza, unapofungua mradi mpya itakuuliza aina ya kuchora picha, kwenye laptopu ya zamani chagua Compatibility, manake ile nyingine ya Forward+ inataka njia mpya za kuongea na kadi ya picha, kama Vulkan, na kadi nyingi za mtumba hazinazo. La pili, siku ya kutoa gemu lako kwenda Android utahitaji vifaa vya ziada, mafaili ya kutolea gemu ambayo ni makubwa kuliko injini yenyewe mara kadhaa, pamoja na JDK na Android SDK, zana za kutengenezea programu za Android. Hiyo siku nenda mahali penye waifai ya bure, usiifanye kwa bando lako.

Kwa hivyo Godot ndio jibu? Kwa gemu la pili, naam. Kwa gemu la kwanza la kijana wa hapa, mimi nasema JavaScript, na sababu yangu ni mpwa wangu na bao.

Huyu kijana wa dada yangu alikuja na ndoto ya gemu la vita, visiwa, majahazi, mizinga ya Fort Jesus, kila kitu. Akaniuliza, "Mjomba, lugha gani?" Nikamwambia jahazi litakuja, anza na bao. Akakunja uso kidogo, bao ni la wazee. Lakini bao lina kila kitu ambacho gemu la kwanza linahitaji. Kuna ubao wa safu nne za mashimo manane, kete 64, wachezaji wawili na zamu. Hakuna haja ya mchoraji wala muziki. Sheria zake ziko wazi na wanaozijua wako hai, wamekaa barazani, unaweza kwenda kuwauliza. Na kuna kitu kizuri zaidi, wenyewe wa bao walishafikiria anayeanza kabla yetu: kuna bao la kujifunza, kila shimo linaanza na kete mbili na hakuna kete za mkononi, mnaanza kucheza moja kwa moja. Bao la Kiswahili kamili linakuja baadaye, lile la kuanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi kila mmoja, na namua, ile awamu ya kuingiza kete za mkononi, na nyumba, lile shimo maalum la kila mchezaji.

Kila mchezaji anazungusha kete kwenye mashimo yake kumi na sita, nane ya mbele na nane ya nyuma, akienda kulia ama kushoto. Ukiwa mtu wa programu unaona hapo listi moja ya namba kumi na sita inayozunguka. Ukiyahesabu mashimo kuanzia 0, na i ikiwa namba ya shimo ulilopo, shimo linalofuata ni (i + 1) % 16, ile alama ya asilimia inakupa baki ya kugawanya, kwa hivyo ukitoka shimo la 15 unarudi la 0. Mpaka hapo lugha zote ni sawa. Tofauti inakuja ukirudi kinyume, (i - 1) % 16, ukiwa shimo la 0. Python inakupa 15, sawasawa unavyotaka. Lua nayo baki yake haishuki chini ya sifuri, ila Lua inahesabu listi kuanzia 1, kwa hivyo unaandika i % 16 + 1 ukienda mbele na (i - 2) % 16 + 1 ukirudi, na ukishaelewa kwa nini umeielewa listi milele. JavaScript inakupa -1. Na ukiiambia JavaScript iongeze kete kwenye shimo la -1 haikwambii neno, haisimami, haipigi kelele, inaendelea tu na kete zako zinapotea moja moja. GDScript pia kwa alama hiyo inakupa -1, lakini wamekuwekea amri ya posmod ya kazi hiyo hiyo.

Sasa utasema, mbona basi unamsukuma kijana kwenye lugha inayonyamazia makosa? Kwa sababu dawa yake ipo na ni somo bora kuliko lugha yenyewe. Nilimwambia mpwa wangu aandike fanksheni moja ndogo (kipande cha programu chenye kazi moja) inayojumlisha kete zote za ubao baada ya kila hatua, zikiwa si 64 programu isimame na kuandika ni hatua gani. Mistari mitatu minne. Ikamshika siku hiyo hiyo, kete 63, akarudi nyuma akakuta ile -1, akaandika (i - 1 + 16) % 16 na ubao ukakaa sawa. Wachezaji wa bao nao kete zikipungua ubaoni hugundua haraka, hawaendelei hivi hivi. Kila gemu lina jumla yake isiyotakiwa kubadilika, karata 52, maisha matatu, kete 64, itafute hiyo jumla uichunge kuanzia siku ya kwanza.

Jambo lingine nililomsisitizia, na hapa nawaomba wanaoanza wanisikilize vizuri, ni kuandika sheria za bao mbali na picha za bao. Yaani faili moja inajua mashimo na kete na nani ana zamu na nani kala, yaani kachukua kete za mwenzake, haijui chochote kuhusu rangi wala skrini wala kidole. Faili nyingine inachora tu kile ambacho ile ya kwanza imesema. Ukifanya hivo, siku ukihama kwenda Godot ama LÖVE unatafsiri faili ya sheria peke yake na kazi nyingi imekwisha, na ile hofu ya kuchagua lugha mbaya inapungua sana manake hujafungwa nayo.

Baada ya hapo akaiweka kwenye mtandao bure, GitHub Pages inakuruhusu, itch.io pia wanapokea magemu ya brauza bila kulipa. Gemu zima halikufika kilobaiti mia. Akatuma linki kwenye grupu la WhatsApp la familia, na kabla ya isha binamu zake wa Mtwapa na shangazi yake wa Malindi walikuwa washaanza kulalamika kwamba kitufe ni kidogo. Hicho ndicho ninachokitaka mimi. Kama angeandika kwa Python na pygame, maktaba yake ya magemu, gemu lingefanya kazi vizuri kabisa kwenye laptopu yake, na lingekaa humo. Kulipeleka kwenye simu ya shangazi ni safari nyingine ndefu ambayo anayeanza haiwezi. Faili la APK, lile la kuinstolia programu kwenye Android, nalo lina matatizo yake, simu inamuonya mtu kwamba programu hii haijulikani, na shangazi akishaonywa hafungui. Na Play Store inataka dola 25 za usajili kabla hujaweka kitu. Linki haina masharti hayo, unaigusa inafunguka.

Alafu tukalipeleka barazani. Kuna baraza moja huku Kibokoni wazee hukaa na bao baada ya laasiri, nikamwambia twende na simu yako. Mzee mmoja akaishika, akaiweka mbali na macho, akasogeza kete kwa kidole, akacheza kimya kwa muda. Hakuuliza lugha gani. Alisema, "Mjukuu wangu, hili lako lakosea. Hapa nimeanza kwa kutakata, kisha katikati likanipa kula. Ukianza kwa kutakata huli tena mpaka zamu yako irudi." Kutakata ni kusambaza kete bila kula. Kijana akatoa daftari. Mzee akaendelea, akamwambia kete zilizoliwa zinaanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, na si popote, na akiliwa kimbi cha upande huu, yaani kichwa ama shimo la pembeni yake, zinaanzia kichwa cha upande huu. Na akamwambia kete zikianguka zote kwa mpigo haoni mchezo, anataka kuziona zikitembea moja moja, shimo kwa shimo, kama mkono unavyofanya.

Lile la kutakata lilikuwa kosa kwenye faili ya sheria, akalisahihisha kwa kuongeza alama moja ya ndiyo ama la inayowekwa mwanzo wa zamu. Hakugusa picha. Lile la kete kutembea lilikuwa la faili ya kuchora, hakugusa sheria. Hapo ndipo nilipomuona ameelewa kwa nini nilimsumbua azitenganishe.

Mtu yeyote anayetengeneza gemu anahitaji mcheza kama mzee yule, na mzee yule hawezi kukaa mbele ya laptopu yako chumbani. Ndio maana naipigania brauza kiasi hiki. Brendan Eich alitengeneza JavaScript kwa siku kumi mwaka 1995 na madoa ya ile haraka bado yamo, ile ya kunyamazia makosa ni mojawapo, lakini ndio lugha iliyokwisha kuwekwa ndani ya kila simu iliyoko mfukoni mwa watu wa Mombasa. Na kwa anayefikiria mkate, ukweli ni kwamba kazi ya magemu hapa mjini ni chache, ila hoteli za Nyali na Diani zinataka tovuti za kubukia vyumba, na ofisi za kliaringi na fowadingi kule bandarini zinataka mifumo yao, na JavaScript uliyoijua kwa bao inakubalika huko pia.

Usije ukadhani brauza haina maudhi. Sauti haitoki mpaka mchezaji aguse skrini kwanza, brauza ndio zilivyoamua, kwa hivyo weka kitufe cha "Anza" na sauti iamshiwe hapo. Na kama gemu lako lina kitu kinachotembea mfululizo, mpira ama jahazi, usikisogeze kwa kiasi kile kile kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya. Simu nyingi zinachora fremu 60 kwa sekunde, zile za bei ya juu 120, sasa jahazi lako litakimbia maradufu kwenye simu ya tajiri. Pima muda uliopita tangu fremu ya mwisho, zidisha kasi kwa muda huo. Hili si la JavaScript peke yake, utakutana nalo kila lugha, Godot inakupa huo muda kwa jina la delta na LÖVE inakupa kwa jina la dt.

LÖVE nayo niiseme kidogo kwa sababu wapo inayowafaa kuliko brauza. Lua ilizaliwa 1993 kwenye chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, wakati ambapo Brazil kununua programu za nje kulikuwa kugumu na watu wakajitengenezea yao, na imebaki ndogo na nyepesi mpaka leo. LÖVE ni megabaiti chache tu, laptopu iliyochoka kabisa inaiendesha, na unapata fanksheni tatu za msingi, ya kupakia, ya kusasisha, ya kuchora, basi. Kwa mtu mwenye laptopu dhaifu, asiyejali simu, anayetaka kuona utumbo wa gemu bila vitu kufichwa, siwezi kumkataza. Anayecheza Roblox pia Lua itamfaa, manake kule wanatumia tawi lake linaloitwa Luau.

Python nayo, kama ndio unayofundishwa shuleni ama chuoni, usiiache kwa sababu ya maneno yangu. Andika bao lako kwa Python lichezwe kwenye terminali, namba tupu bila picha, na umefanya gemu.

Watoto wa chini ya miaka kumi hivi, Scratch, sina maneno mengi. Ilitoka MIT 2007, inafanya kazi kwenye brauza, na ukibadilisha lugha kwenye menyu kuna Kiswahili humo. Mtoto anavuta vipande na paka anatembea.

Na kuna wale wasio na laptopu kabisa, ambao ndio wengi na ndio wanaoniandikia usiku. Kwa simu tu unaweza. Kuna apu inaitwa Acode, unaandika HTML na JavaScript humo humo na unafungua kwenye brauza ya simu. Pydroid 3 iko kwa Python. Godot pia wana toleo la Android ila kwenye skrini ndogo vidole vinabanana. Kibodi ya nje ya kuunganisha kwa waya wa OTG inasaidia kuliko kitu chochote, ukipata hela kidogo nunua hiyo kabla ya kununua kozi.

Mpwa wangu sasa yuko kwenye bao la Kiswahili kamili na nyumba ndio inamshughulisha. Wakati wa namua, ukila kisha kete yako ya mwisho ikadondokea kwenye nyumba yako mwenyewe ikiwa bado nzima, unachagua, ama unalala hapo ama unasafiri nayo. Maana yake programu iko katikati ya kusambaza kete, ndani ya lupu (sehemu inayojirudia), na inatakiwa isimame, imuulize mchezaji, ingoje hata dakika tano kama anakunywa kahawa, kisha iendelee pale pale ilipoachia. Hapa lugha zinaachana kweli kweli. Kwenye pygame ukiingoja hovyo dirisha zima linaganda na Windows inakwambia programu haijibu, inabidi ukumbuke mwenyewe ulikuwa hatua gani na uirudie lupu kuu. Lua ina korutini, unaisimamisha fanksheni katikati na kuiamsha baadaye. JavaScript na GDScript zote zina await, unaandika neno hilo moja mbele ya swali na fanksheni inangoja kidole bila kugandisha skrini. Ametumia await. Kete zinatembea moja moja kama mzee alivyotaka, zinafika nyumbani, zinasimama, na vitufe viwili vinatokea chini, Lala na Safiri. Kinachobaki ni kumzuia mchezaji asiguse shimo lingine wakati programu inangoja jibu, na wiki hii ndio anapambana na hilo, kisha linki inarudi Kibokoni.